Kiatu cha Njiani na Kiatu cha Ofisini

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, nyimbo, vinyago na lugha. Tukisogea mbele kidogo tunafika kwenye mavazi, na hapo mjadala huanzia kichwani na kuishia gotini. Mguu husahauliwa. Tangu ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, tumejadili urefu wa sketi, upana wa suruali, nywele za bandia na krimu za kuchubua ngozi. Lakini ni mara chache mno tumekaa kitako kukihakiki kiatu, ambacho ndicho pekee katika mavazi yetu kinachobeba uzito wa mwili mzima. Katika makala haya tunakusudia kufanya hivyo. Tutamtazama hasa mtu anayetakiwa awe nadhifu mbele za watu huku kazi yake ikimdai asimame na kutembea kutwa. Tumechagua Mwanza kwa sababu ndiko tunakoishi, na kwa sababu ardhi ya Mwanza haimruhusu mtu kuusahau mguu wake.

Mwanza ni mji wa miamba. Mawe yaliyopandana kando ya Ziwa Viktoria, pamoja na lile la Bismarck linalopigwa picha na kila mgeni, yanaendelea kupanda hadi katikati ya makazi ya watu. Mabatini, Igogo, Isamilo, Bugarika: katika vitongoji hivi nyumba nyingi zimejengwa juu ya vilima ambako gari halifiki na pikipiki haithubutu. Mkazi hushuka kwa miguu, akipita vijia vya changarawe, ngazi za mawe, na mifereji ambayo masika huigeuza kuwa vijito. Akifika chini ndipo hukutana na lami na daladala. Kwa watu wa ng'ambo ya ghuba, daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limefupisha safari ya gari. Halikuondoa kilima hata kimoja.

Msomaji asimame chini ya kilima cha Mabatini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi. Ataona jambo ambalo sisi tumeliona mara nyingi hata tukaacha kulistaajabia. Mwanamke aliyevaa vizuri, sketi yake imenyooshwa kwa pasi na blauzi yake nyeupe haina doa, anashuka akiwa na kandambili miguuni. Chini kabisa, penye jiwe lililolainishwa na makalio ya watu wengi kabla yake, anaketi. Anatoa kitambaa, anafuta vumbi kwenye vidole, kisha kutoka ndani ya mkoba anachomoa viatu vyeusi vyenye visigino virefu. Kandambili zinaingia mkobani. Anasimama, sasa amekuwa mrefu zaidi kwa kiasi cha vidole vinne, naye anatembea kwa namna nyingine kabisa, hatua fupi fupi, hadi kituoni. Jioni tendo lile lile hufanyika kinyumenyume, pale pale jiweni, ila safari hii huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa kabla ya kuvaa kandambili yeye hukaa kwanza akiisugua miguu yake.

Wanaume nao hawakuachwa nyuma. Wakati wa masika utawakuta wamekunja suruali na kuvaa mabuti ya mpira, huku viatu vya ngozi vyenye ncha iliyochongoka vikiwa kwapani ndani ya gazeti. Lakini mzigo wa mwanamume ni mwepesi zaidi, nasi hatutajifanya kwamba mizani iko sawa.

Tulipokuwa wanafunzi tungelijibu swali hili kwa neno moja: kasumba. Tungeliandika kwamba mfanyakazi huyu anamwiga bwana mkubwa wa enzi za ukoloni, na insha yetu ingelipata alama nzuri. Leo jibu hilo tunaliona kuwa ni la haraka mno, kwa sababu halimwulizi mwenye mguu kitu gani anakitafuta.

Tuanze na historia. Katika Unguja ya karne ya 19, kiatu kilikuwa alama ya cheo. Muungwana alivaa makubadhi ya ngozi, na mke wake nyumbani alikanyaga mtalawanda wa mti, kidole kimeshika msuruaki. Mtumwa alitembea pekupeku, na hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa. Utumwa ulipopigwa marufuku huko mwaka 1897, miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo walioachiwa huru waliyatafuta ni hayo hayo waliyonyimwa. Mtu wa namna hiyo alipoingia mtaani akiwa na viatu, je, tuseme alikuwa akimwiga bwana? La hasha. Alikuwa akitangaza kwamba bwana hayupo tena. Huku bara nako, katika Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi walitembea mamia ya maili wakikanyaga miba kwa nyayo tupu, na katika shule za kikoloni mtoto pekupeku ndiye aliyekuwa wa kawaida. Karani na mwalimu walijulikana kwa mbali kwa mlio wa soli zao.

Wazee wengi wa Usukumani husimulia jinsi walivyokwenda shule au kanisani huku viatu wamevining'iniza begani, wakavivaa langoni. Hapa ndipo tunapopaona mahali panapostahili kuhakikiwa. Ukitazama juu juu, mzee yule na dada yetu wa Mabatini wanafanya tendo moja. Lakini mzee alibeba kiatu ili kiatu kisichakae, kwa kuwa kilikuwa ghali na mguu ulikuwa imara. Dada anabeba kiatu ili mguu usiumie. Zamani kiatu kiliokolewa na barabara. Sasa mguu unaokolewa na kiatu. Katika vizazi viwili vitatu chombo kimegeuka kuwa adui wa kile kilichotengenezwa kukilinda, nasi bado tunakiita unadhifu.

Neno hili nalo tulitazame. Nadhifu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni safi. Mtu nadhifu ni mtu asiye na uchafu, aliyejipanga, ambaye hakuna kilicholegea wala kuchanika mwilini mwake. Hakuna katika neno hilo kipimo cha urefu wala wembamba. Anayetaka kupendeza na kutazamwa Kiswahili kimemtengea neno lake, maridadi, na jingine tena, mtanashati. Umaridadi ni haki ya mtu, na harusini au kwenye sikukuu hatuna ugomvi nao. Kosa letu ni kuuingiza kazini kwa kutumia pasi ya unadhifu. Tunadai usafi, na bila kusema tunadai pia kisigino. Lugha yenyewe imekwisha kutuonya, maana kiatu cha kisigino kirefu imekiita mchuchumio. Kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole ili kukifikia kitu kilichowekwa juu. Huyo aliyelibuni jina hilo alikuwa mhakiki hodari kuliko sisi: alimwona mtu amesimama kwa ncha za vidole kuanzia saa mbili hadi saa tisa na nusu, akijiuliza ni kitu gani hasa kilichowekwa juu kiasi hicho.

Taifa limewahi kujaribu kuyahukumu mavazi. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, nayo ikaanza tarehe 1 Januari 1969 mjini Dar es Salaam, ikipiga vita sketi fupi, nywele za bandia, krimu za kuchubua na suruali za kubana. Mengi yamesemwa juu ya operesheni ile, na wengi wanakumbuka kwamba wasichana walisumbuliwa njiani na vijana waliojiona walinzi wa taifa. Sisi tunataka kuongeza jambo moja tu. Vazi lilihukumiwa kwa jicho la mtazamaji: linaonyesha nini, linafanana na la nani. Hakuna aliyemwuliza mvaaji kama lilimfaa kwa kazi. Ndiyo maana miaka michache baadaye viatu vya raizoni, vyenye soli nene kama tofali, vilipoingia mitaani pamoja na suruali za bugaluu, mabishano yalirudi pale pale kwenye adabu na uzalendo, ilhali waliovivaa walikuwa wakiteguka vifundo vya miguu. Mwaka 2007 Serikali ilitoa waraka kuhusu mavazi ya watumishi wa umma. Hatuupingi. Mgonjwa aliyepanda kilima cha Bugando, ambako hospitali imesimama tangu mwaka 1971, ana haki ya kuhudumiwa na mtu aliyevaa kwa heshima. Lakini waraka wowote ule hauwezi kuyamaliza mambo yote, na pale unapokoma ndipo mazoea ya wakubwa wa kazi huanza kutawala.

Tutoe mfano mmoja. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari katika mkoa huu, alifundisha vipindi sita kwa siku akiwa amesimama, maana darasa lenye wanafunzi wengi huwezi kulifundisha umeketi. Alipopita umri wa miaka 40 kisigino chake cha kulia kilianza kumchoma kila asubuhi anapokanyaga sakafu kwa mara ya kwanza, kana kwamba amekanyaga msumari. Tabibu alimweleza kwamba ule ukano unaoshikilia uvungu wa wayo umevimba, akamwagiza avae viatu vyenye soli nene na kisigino kifupi kipana. Alinunua raba nyeusi, akazing'arisha. Kwa majuma mawili alifundisha bila maumivu. Kisha shule ikapata habari kwamba wakaguzi wanakuja. Mwalimu akaitwa ofisini, akaambiwa kwa upole kabisa, na tunaamini kwa nia njema, kwamba raba ni za uwanjani, na mwalimu hana budi kuwa kioo cha unadhifu kwa wanafunzi. Siku ya ukaguzi alivaa mchuchumio. Somo la kwanza alilitoa amesimama, la pili ameegemea meza, la tatu amelikabidhi kwa kiranja alisome kitabuni. Shule hatutaitaja, wala haina hatia kuliko nyingine. Tunachotaka wasomaji wetu walimu wakipime ni hiki: wakaguzi walikuja kuona ufundishaji, na kiatu kikawaficha ufundishaji wenyewe.

Sasa linganisha na kiwanda cha sangara kando ya ziwa hili hili. Mfanyakazi anayechuna minofu husimama juu ya sakafu yenye maji na barafu, naye huvishwa mabuti ya mpira, kwa kuwa ni wazi kwamba bila hayo hawezi kazi. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie vifaa vya kujikinga. Hatusemi kwamba buti la mpira ni raha. Linachemsha mguu, na saa nane ndani yake si mchezo. Lakini angalau pale kiatu kimechaguliwa kwa kuitazama kazi. Mwalimu, karani wa benki, muuguzi, mhudumu wa hoteli, hawa nao husimama, ila kwa kuwa sakafu yao ni kavu tunadhani mguu wao hauko kazini.

Mguu unataka nini? Si mengi. Unataka nafasi mbele, vidole vilale bila kupandana, maana kiatu chembamba ndicho kinachozidisha lile nundu la mfupa kwenye shina la dole gumba na kuotesha sugu. Unataka ukuta mgumu nyuma, ushike kisigino kisiyumbe. Unataka soli nene kiasi, inayokunjika penye vidole na si katikati. Unataka kamba au mkanda, ili vidole visilazimike kukishika kiatu kisivuke. Kisigino kinapoinuliwa sana, uzito ambao ungegawanyika kati ya nyuma na mbele hurundikana mbele, goti hujikunja kidogo, na kiuno hujipinda ili mtu asianguke. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Anayenunua viatu asubuhi ananunua viatu vya mguu ambao saa kumi jioni hatakuwa nao. Na kwa mwenye ugonjwa wa kisukari jambo hili si la starehe hata kidogo, kwani mguu uliopoteza hisi hautamwambia kwamba kiatu kimemchubua, na kidonda kidogo chaweza kumgharimu mguu mzima.

Kwa vipimo hivyo hivyo, kandambili nazo haziponi. Kuna wenzetu ambao kwa kuchoshwa na mchuchumio wanatuhubiria turudi kwenye kandambili, au kwenye katambuga za tairi wanazovaa wachungaji wa Kisukuma, kana kwamba kila cha kwetu kinafaa kwa kila kazi. Katambuga ni kazi ya sanaa yenye akili nyingi: tairi lililokwisha kazi barabarani linapewa maisha ya pili, mwiba wa mgunga haupenyi, na mtu huvuka nazo mto bila wasiwasi. Tunaziheshimu. Lakini zilibuniwa kwa mtu anayetembea kwenye udongo na nyasi, si kwa anayesimama juu ya saruji, nazo ni ngumu na nzito. Kandambili haishiki kisigino hata kidogo. Hata kile kiatu cha kutumbukiza chenye soli nyembamba kama karatasi, ambacho akina dada wengi hukikimbilia wakidhani ni dawa, hakimzuii mtu kuumizwa na saruji.

Mfano wa Kisukuma tunaopenda kuutaja uko kwingine. Mwezi Juni, katika sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, kwenye jumba la makumbusho la Wasukuma, hucheza wapiga bugobogobo. Ni ngoma ya wakulima, na jembe ndilo pambo lao. Majembe hurushwa hewani yakadakwa, miguu inapiga ardhi kwa pamoja, na hakuna kitu mwilini mwa mchezaji kinachomzuia kufanya kile anachokifanya. Mtazamaji hashawishiwi kuchagua kati ya uzuri na kazi, kwa sababu havikutenganishwa tangu mwanzo. Ukimvisha mchezaji yule kiatu cha kumpendeza mgeni wa heshima, ngoma itakufa kabla ya wimbo wa pili. Tunashangaa kwamba taifa linaloipigia makofi ngoma hiyo uwanjani linamvisha mwalimu wake kiatu cha namna hiyo darasani.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2015 jijini London mwanamke aliyeajiriwa kupokea wageni ofisini alirudishwa nyumbani bila malipo kwa kuwa alifika na viatu bapa. Malalamiko yake yalitiwa saini na watu zaidi ya 150,000 na kufikishwa Bungeni. Mwaka 2017 jimbo la British Columbia nchini Kanada lilipiga marufuku kuwalazimisha wafanyakazi wa kike kuvaa visigino virefu. Mwaka 2019 huko Japani Yumi Ishikawa aliongoza wanawake kudai hivyo hivyo. Wale tunaodhani kwamba tunawaiga, wenyewe wanauvua.

Lakini hata tukikubaliana, tutavaa nini? Hapa twaomba tuseme wazi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika, na sehemu kubwa ya ng'ombe hao wamo katika nyika zinazoizunguka Mwanza. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, kampuni ya viatu ya Bata ilikuwa miongoni mwa zile ambazo Serikali ilichukua hisa nyingi ndani yake, na baadaye viatu vya Bora vikawa ndivyo vya kila mwanafunzi. Kisha likaja jengo kubwa la Morogoro, kiwanda kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, chenye uwezo wa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikikusudiwa kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kukaribia kiwango hicho, na mwaka 1990 kilifungwa. Sababu za mitambo, fedha na uendeshaji zimeandikwa na wachumi. Mhakiki wa utamaduni ana lake la kuuliza: kwa nini kiwanda cha taifa lenye watu wengi waliokuwa wakitembea pekupeku kilikusudia kwanza mguu wa Mzungu? Ikiwa vazi la ofisini tulilichukua kwake, kumbe hata kipimo cha mguu tulimwachia.

Tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, pengo hilo limezibwa na mitumba. Katika soko la Mlango Mmoja utapata kiatu imara cha ngozi kwa bei ambayo mwalimu anaimudu, na hatuwezi kumlaumu anayekwenda huko. Ila kiatu cha mtumba kimekwisha kufinyangwa na mguu wa mtu mwingine. Geuza soli utazame kisigino: kama kimelika upande mmoja, umenunua pamoja nacho mwendo wa mtu usiyemjua, nao utakuwa wako.

Mwenzetu yule wa sekondari hakwenda sokoni. Alikwenda kwa mzee mmoja mshona viatu, anayefanya kazi chini ya mwembe upande wa Igoma. Mzee alimwambia avue viatu, akachora nyayo zote mbili juu ya boksi lililokunjuliwa, kwanza akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, akamwonyesha jinsi mchoro wa pili ulivyokuwa mpana kuliko wa kwanza. Halafu akamwuliza, "Mwalimu, kwa siku unasimama saa ngapi?" Anatuambia kwamba katika miaka 19 ya kazi hapakuwa na mtu aliyewahi kumwuliza.

Viatu vilikamilika baada ya siku nane. Ni vyeusi, vya ngozi, vina kamba, mbele ni vipana, na kisigino kina kimo cha vidole viwili vilivyolazwa. Vikipakwa rangi vinang'aa sawasawa na vya mtu yeyote. Amekwisha kuvivaa mbele ya wakaguzi wengine, na hakuna aliyesema neno. Bado anashuka kilima kwa kandambili mvua inaponyesha, kwa kuwa tope ni tope. Jozi ya pili anashonewa sasa. Safari hii ameomba ya rangi ya udongo.